Tarakimu za gesi asilia zisomwe ipasavyo

IPO tarakimu moja ambayo kwa miaka mingi sasa imekuwa ikirudiwa katika hotuba za bajeti, katika vijitabu vya kuwakaribisha wawekezaji, madarasani na vibarazani. Tarakimu hiyo ni 57.54. Hizo ni futi za ujazo, trilioni hamsini na saba na ushei, za gesi asilia ambayo Tanzania imetangaza kwamba imegunduliwa katika eneo lake: trilioni 47.13 chini ya bahari ya kina kirefu, na trilioni 10.41 katika nchi kavu na maji ya karibu na pwani. Mtumishi anayeandaa taarifa ya wizara huinakili kutoka taarifa ya mwaka uliotangulia. Mwalimu wa jiografia huiandika ubaoni, na wanafunzi huikariri kama wanavyokariri urefu wa Mlima Kilimanjaro.

Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Urefu wa mlima hupimwa, na anayeutilia shaka aweza kuupima tena. Kiasi cha gesi iliyo chini ya ardhi hakipimwi, hukadiriwa. Na hata hiyo 57.54 si makadirio ya gesi itakayotoka. Ni makadirio ya gesi yote iliyokuwamo ndani ya miamba kabla ya kisima cha kwanza kufunguliwa. Ndiyo maana, ingawa gesi ya Songo Songo imekuwa ikichomwa katika mitambo ya umeme ya Ubungo tangu mwaka 2004, na ile ya Mnazi Bay ikaanza kutumika mwaka 2006, tarakimu hiyo haipunguzwi kwa kile kilichokwisha kuteketea. Mtunza stoo anayetoa mali kila siku kwa miaka 20, na daftari lake likabaki vile vile, angeitwa kujieleza.

Pengine mtu atasema kwamba haya ni mambo ya wataalam, na kwamba mwananchi wa kawaida hana haja ya kutofautisha gesi iliyomo na gesi inayotoka. La hasha. Mwananchi wa kawaida tayari amekwisha kupiga hesabu zake. Huchukua trilioni 57.54, akazizidisha kwa bei aliyoisikia redioni, tuseme dola 3 kwa kila futi 1,000, akapata zaidi ya dola bilioni 172. Kisha hugawanya kwa watu milioni 61.7 waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2022, na kujikuta yeye, mkewe na watoto wake wanne wanadai zaidi ya dola 16,000 ambazo hawajaziona. Hesabu yake ya kuzidisha na kugawanya haina kosa hata moja. Kilichokosewa ni kile alichokizidisha, na waliompa tarakimu hiyo bila maelezo ni watu waliosoma.

Ili kuelewa kosa hilo, yafaa kuanza chini kabisa, kwenye mwamba wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba gesi hukaa katika pango kubwa, kama maji katika tangi la kijiji. Sivyo. Hukaa ndani ya vitundu vidogo mno vya mwamba, aghalabu mwamba wa mchanga, ambavyo macho hayawezi kuviona. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili bila vifaa vya maabara: debe lililojazwa mchanga mkavu mpaka ukingoni bado litapokea maji mengi kabla halijafurika. Maji hayo yameingia katika nafasi zilizo kati ya punje na punje. Gesi nayo imekaa hivyo hivyo, ikiwa imebanwa na uzito wa miamba na maji kwa msukumo ambao waweza kufikia mara mia kadhaa ya ule wa hewa ya kawaida, na ikizuiwa isipande juu na tabaka la mwamba usiopenyeka lililoifunika kama kifuniko cha chungu.

Njia ya kwanza ya kukadiria ni kupiga hesabu ya ukubwa wa chungu hicho. Meli huvuta nyuma yake mitambo inayopiga mishindo ya hewa majini. Mawimbi ya sauti hushuka, hupenya tabaka za miamba, na sehemu yake hurudi juu kama mwangwi. Kutokana na mwangwi huo wataalam huchora umbo la mwamba na kukisia eneo lake. Kisha huchorongwa kisima. Vyombo hushushwa ndani yake kupima unene wa tabaka, wingi wa vitundu, na sehemu ya vitundu hivyo iliyojaa gesi badala ya maji ya chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme na gesi haipitishi, na kwa tofauti hiyo tu mengi hujulikana.

Chukua mfano rahisi. Mwamba una urefu wa kilomita 10 na upana wa kilomita 10, na unene wa mita 20. Hizo ni mita za ujazo bilioni 2 za mwamba. Ikiwa vitundu ni asilimia 20, nafasi iliyomo ni mita milioni 400. Ikiwa gesi imeshika asilimia 70 ya nafasi hiyo na maji yameshika iliyobaki, gesi ni mita milioni 280. Lakini gesi hiyo imebanwa. Ikifika juu hutanuka, tuseme mara 200. Basi ni mita za ujazo bilioni 56, yaani karibu futi trilioni 2. Hesabu hiyo inaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha pili.

Sasa iangaliwe upya. Kisima ni tundu lenye upana usiozidi sufuria, nalo limechorongwa mahali pamoja katika eneo la kilomita za mraba 100. Nani ajuaye kama unene wa mita 20 ulioonekana hapo ni huo huo kilomita 6 mbele? Unene ukiwa mita 15, vitundu asilimia 17 na gesi asilimia 60, jibu linashuka hadi futi trilioni 1 na kidogo. Unene ukiwa mita 25, vitundu asilimia 23 na gesi asilimia 80, jibu linapanda hadi trilioni 3 na robo. Hakuna aliyedanganya katika hesabu hizo mbili. Kila kipimo kimesogezwa kidogo tu, ndani ya mipaka ambayo mtaalam yeyote mwaminifu angekubali, na jibu la mwisho limekuwa mara tatu ya lile la kwanza. Na hapo eneo lenyewe bado halijaguswa.

Kwa sababu hiyo mtaalam anayejua kazi yake hatoi tarakimu moja. Hutoa tatu. Ya chini ni ile ambayo kuna nafasi 9 katika 10 kwamba kiasi halisi kitaifikia au kuipita. Ya kati ina nafasi 5 katika 10. Ya juu ina nafasi 1 tu katika 10. Makaratasi ya wataalam huzionyesha zote tatu. Lakini karatasi inapopanda ngazi, kutoka kwa mjiolojia hadi kwa mkuu wa idara, na kutoka hapo hadi kwa mwandishi wa hotuba, tarakimu mbili huanguka njiani. Magazeti nayo hayana budi kubeba sehemu yao ya lawama, kwa maana kichwa cha habari hakina nafasi ya tarakimu tatu.

Juu ya hayo kuna tofauti nyingine, kubwa zaidi, ambayo watumishi wa umma wanapaswa kuishika kama wanavyoshika tofauti kati ya fedha iliyoombwa, iliyoidhinishwa na iliyotolewa. Kuna gesi iliyomo mwambani. Kuna gesi inayoweza kutolewa, ambayo katika miamba mizuri yaweza kuwa asilimia 70 au 80 ya ile iliyomo, na katika miamba mibaya ikawa kidogo sana. Na kuna akiba iliyothibitika, yaani sehemu ya hiyo inayoweza kutolewa ambayo ina leseni, ina mitambo, ina mnunuzi, na ambayo bei yake inalipa gharama za kuitoa. Akiba yaweza kupanda au kushuka bila mwamba kubadilika hata chembe.

Historia ya Songo Songo inathibitisha jambo hilo. Gesi iligunduliwa hapo mwaka 1974 na kampuni ya AGIP ya Italia, ambayo ilikuwa ikitafuta mafuta na ikaona kwamba gesi hiyo haina faida kwake. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, ndilo lililoendelea kuchoronga visima vya uhakiki. Katika miaka ya 1980 ulipangwa mradi wa kiwanda cha mbolea huko Kilwa ambacho kingetumia gesi hiyo, kiwanda hakikujengwa. Ulihitajika ukame na mgawo wa umeme wa miaka ya 1990 ndipo gesi ikaonekana kuwa mali, na hata hivyo ilifika Dar es Salaam mwaka 2004, miaka 30 baada ya kugunduliwa. Muda wote huo gesi ilikuwa pale pale. Kilichokosekana ni bomba, mtambo na mteja.

Yapo na mengine ya kujifunza katika kisiwa hicho. Kampuni inayozalisha gesi ya Songo Songo ni tawi la kampuni iliyoandikishwa katika soko la hisa la Canada, na kanuni za huko zinailazimisha kila mwaka kueleza akiba yake kwa wenye hisa, baada ya kukaguliwa na wakadiriaji wa nje. Leseni ya Songo Songo ilitolewa mwaka 2001 kwa miaka 25. Kwa hiyo taarifa hizo zilihesabu kuwa akiba ile gesi tu ambayo ingetolewa kabla ya Oktoba 2026. Gesi ambayo ingebaki chini siku ya pili yake, kwa daftari la Canada, haikuwa akiba ya kampuni, ingawa ni mali halali ya Watanzania. Mwenye hisa wa Toronto alielezwa tofauti hiyo kwa maandishi kila mwaka. Haifai mwalimu wa Kilwa Masoko aelezwe pungufu ya hayo.

Ipo pia njia ya pili ya kukadiria, na hiyo ni ya kuaminika zaidi kwa sababu humuuliza mwamba mwenyewe. Gesi ikianza kutolewa, msukumo ndani ya mwamba hupungua, kama tairi la baiskeli linalotoa pumzi. Ikiwa zimetolewa futi bilioni 10 na msukumo, baada ya kusahihishwa kwa kanuni za tabia ya gesi, umepungua kwa sehemu moja ya kumi, basi gesi yote iliyokuwamo ni kama futi bilioni 100. Wataalam huweka alama hizo kwenye karatasi mwezi baada ya mwezi, huchora mstari ulionyooka, na kuona utakata wapi. Lakini hata hapo pana mtego. Baadhi ya miamba ina maji mengi chini yake, na kadiri gesi inavyotoka maji hupanda na kuujaza nafasi. Msukumo haushuki, mstari hulala, na mwamba mdogo hujionyesha kama mkubwa, mpaka siku maji yanapotokea kisimani.

Mstari huo huo ndio uliotoa hukumu huko Kiliwani Kaskazini, kando ya Songo Songo. Gesi iligunduliwa hapo mwaka 2008, na kisima kikaanza kutoa mwaka 2016 kwa matumaini makubwa. Msukumo ukaanza kushuka kwa kasi kuliko ilivyotazamiwa, na ilipofika mwaka 2018 kisima kilikuwa hakitoi tena. Hakuna aliyeiba gesi hiyo, wala hapakuwa na hujuma. Mwamba uliofikiwa na kisima ulikuwa mdogo kuliko ulivyokadiriwa kwa mwangwi. Ni habari ndogo, nayo haikuzungumzwa sana. Lakini kwa mwenye kutaka kuelewa, ina mafunzo mengi kuliko sherehe kumi za uzinduzi.

Sehemu kubwa ya ile 57.54 haijafikia hata hatua ya kuulizwa namna hiyo. Iko chini ya bahari, kuanzia kisima cha Pweza kilichogundua gesi mwaka 2010. Wavumbuzi waliyapa maeneo hayo majina ya nyumbani: katika vitalu namba 1, 3 na 4 ni samaki na viumbe wa baharini, Pweza, Chewa, Chaza, Jodari na Papa, katika kitalu namba 2 ni viungo vya jikoni, Zafarani, Tangawizi, Mdalasini na Giligilani. Mtu akisikia orodha hiyo hudhani pilau imekwisha kupakuliwa. Ukweli ni kwamba Zafarani iko chini ya maji yenye kina cha zaidi ya mita 2,500, na kisima kimoja cha mahali kama hapo hugharimu makumi ya mamilioni ya dola. Kuisafirisha gesi hiyo kwenda ng'ambo kunataka ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ili igeuke kimiminika na kupungua ujazo mara 600, katika kiwanda kilichokusudiwa kujengwa Likong'o, Lindi, kwa makumi ya mabilioni ya dola.

Mwezi Januari 2021 kampuni ya Equinor ya Norway, ambayo inasimamia kitalu namba 2, ilitangaza kufuta katika vitabu vyake thamani ya dola milioni 982 ya mradi huo wa Tanzania, kwa maelezo kwamba uchumi wa mradi haukuwa umefikia mahali pa kuhalalisha thamani hiyo. Kitalu hicho kinakadiriwa kuwa na zaidi ya futi trilioni 20. Hakuna hata futi moja iliyoondoka siku hiyo. Kampuni haikusema kwamba gesi haipo; ilisema kwamba kwa hesabu za wakati ule haikuwa fedha. Baadaye mazungumzo na Serikali yaliendelea, mkataba wa awali ukatiwa saini Juni 2022. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja: gesi ilikuwa nyingi, na thamani yake katika daftari la Norway ilikuwa sifuri.

Wala hili si la Tanzania peke yake. Mwaka 2011 idara ya takwimu za nishati ya Marekani iliikadiria Poland kuwa na futi trilioni 187 za gesi ya miamba ya udongo inayoweza kutolewa. Viongozi wa nchi hiyo waliona uhuru wa nishati uko mlangoni. Mwaka uliofuata wanajiolojia wa Poland wenyewe, wakitumia kumbukumbu za visima vya zamani vya nchi yao, walisema kiasi kinachoelekea kuwa kweli ni kati ya mita za ujazo bilioni 346 na 768, yaani futi trilioni 12 hadi 27. Mwaka huo huo kampuni ya ExxonMobil, iliyokuwa imechoronga visima viwili, iliridhika kwamba hakuna biashara, ikaondoka.

Huko Groningen, Uholanzi, kosa lilikuwa la upande wa pili. Kisima cha Slochteren kilipogundua gesi mwaka 1959, kiasi kilichotajwa mwanzoni kilikuwa mita za ujazo bilioni 60. Ilikuja kujulikana kwamba ni karibu bilioni 2,800. Gesi hiyo iliijenga Uholanzi kwa miaka 60. Lakini kuitoa kulilegeza ardhi, nyumba za wakulima zikapasuka kwa mitetemeko, mmoja wao, wa mwaka 2012, ukiwa na nguvu ya 3.6. Uzalishaji ukasimamishwa Oktoba 2023 na visima vikafungwa kabisa kwa sheria mwaka 2024, huku zaidi ya mita bilioni 400 zikiwa zimebaki chini. Basi hata gesi iliyopo, inayotoka, yenye bomba na mteja, yaweza kukoma kuwa akiba kwa kura ya wabunge.

Wako wanaodhani kwamba makampuni makubwa, kwa kuwa yana kompyuta na wataalam wengi, hayakosei. Januari 2004 kampuni ya Shell ilikiri kwamba karibu sehemu moja ya tano ya akiba iliyokuwa imeitangaza kuwa imethibitika haikustahili kuitwa hivyo. Miongoni mwake ilikuwamo gesi ya Gorgon, Australia, iliyoandikwa kuwa akiba miaka kadhaa kabla ya mradi kuamuliwa. Gesi ilikuwapo kweli. Haikuwa imethibitika kwa maana ya kanuni. Mwenyekiti wa wakurugenzi watendaji alijiuzulu, na faini za Marekani na Uingereza zikazidi dola milioni 120. Walioadhibiwa hawakuongeza hata futi moja ya gesi isiyokuwapo. Walihamisha tu tarakimu kutoka safu moja kwenda nyingine.

Tofauti ni kwamba Shell ilikuwa na wenye hisa wa kuishitaki. Nchi inapochanganya safu hizo, wanaolipa ni wananchi. Msumbiji, jirani anayegawana na Tanzania Mto Ruvuma, aligundua gesi nyingi baharini kuanzia mwaka 2010. Mwaka 2013 na 2014, hali kila mkopeshaji akijua habari za gesi hiyo, makampuni matatu yaliyodhaminiwa na dola yalikopa zaidi ya dola bilioni 2 kwa ajili ya meli za uvuvi na ulinzi wa pwani, sehemu kubwa ikifichwa Bunge. Siri ilipofichuka mwaka 2016, wafadhili walisimamisha misaada, sarafu ya nchi ikaporomoka, na Januari 2017 Serikali ikashindwa kulipa. Shehena ya kwanza ya gesi ya bahari hiyo iliondoka Novemba 2022. Deni lilikuwa limekomaa miaka mingi kabla ya gesi. Walioumia ni wale ambao zahanati zao zilikosa dawa, na ambao hawakuwahi kuulizwa kama gesi iliyo chini ya bahari ni dhamana.

Tanzania haikufika huko, lakini ilionja uchungu wa namna yake. Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara waliandamana wakisema gesi haitoki, wakipinga bomba la kwenda Dar es Salaam; mali zikachomwa na watu wakapoteza maisha. Waliambiwa kwa miaka mitatu kwamba chini yao kuna utajiri usio na kifani, kisha wakaona mabomba. Kama wangeelezwa mapema ni gesi ipi itatoka, lini, kiasi gani, nani atalipwa na kwa nini bomba lielekee kaskazini, pengine wangepinga bado. Lakini wangepinga jambo wanalolijua. Bomba lenyewe, lililojengwa kwa mkopo wa China wa dola bilioni 1.2 na kuzinduliwa mwaka 2015, lina uwezo wa kupitisha futi milioni 784 kwa siku, na katika miaka yake ya mwanzo lilipitisha sehemu ndogo tu ya hizo. Bomba ni mali ya taifa na litatumika. Hata hivyo riba ya mkopo haingoji gesi ya baharini ifike.

Wako watakaosema kwamba maneno ya namna hii yanavunja moyo na kuwapa silaha wasioitakia mema nchi. Lakini mwekezaji anayekuja mezani anazijua tarakimu zote tatu, maana aghalabu ndiye aliyezikokotoa. Haiwezekani kumficha mtu hesabu zake mwenyewe. Anayefichwa ni mkuu wa wilaya anayepanga mapato, ni mwalimu, ni mbunge anayeuliza swali na kujibiwa 57.54. Nchi inayokwenda kwenye majadiliano ikiwa na tarakimu moja mbele ya mwenye tatu imekwisha kupunjwa kabla ya chai kuletwa.

Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli, PURA, na kuithibitisha TPDC kuwa shirika la taifa la mafuta. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vimekuwa vikitoa wahitimu wa jiolojia na uhandisi wa petroli, ambao wengi wao wamejikuta wakitafuta kazi za ualimu wa kujitolea. Kumbukumbu za visima, mwangwi wa baharini na misukumo ya kila mwezi ni mali ya taifa kwa sheria. Wapolandi waliipunguza ndoto ya kigeni kwa kufungua makabati ya visima vyao wenyewe. Hakuna sababu kwa nini vijana hao wasikabidhiwe kumbukumbu hizo wazikokotoe upya kila mwaka, bila kungoja kampuni itangulie kusema.

Na katika hotuba ya bajeti, badala ya tarakimu moja, liwekwe jedwali. Kila eneo, Songo Songo, Mnazi Bay, Ntorya, Pweza, Zafarani na mengineyo, liwe na mstari wake: gesi iliyokadiriwa kuwamo, kwa makadirio ya chini, ya kati na ya juu, inayoweza kutolewa, iliyokwisha kutolewa, na iliyo na mnunuzi. Pembeni liandikwe jina la aliyekadiria na mwaka aliokadiria. Jedwali hilo litaenea katika ukurasa mmoja, na mwalimu wa Lindi ataweza kulinakili ubaoni kabla kengele haijagonga.